Talaka Tatu za Pampu ya Maji

Mimi Batuli nusura niachwe kwa sababu ya pampu ya maji. Msicheke. Si pampu ya kisima wala ya kijiji. Ni pampu ya gari, kidude cha chuma unachoweza kukipakata kama kitoto kichanga. Watu wa hapa Tabora wakisimulia habari hiyo wanaiharibu. Wengine wanasema palikuwa na jini. Wengine wanasema mimi ndiye niliyeigandisha ile pampu makusudi ili nipate jina mjini. Wallahi sikuigandisha. Kaeni niwaambie mwenyewe, maana mwenye kuachwa nilikuwa mimi, hao wengine walikuwa wanakula maandazi.

Mume wangu ni Fundi Mfaume, mwenye gereji pale Ng'ambo. Nyumba yetu ilikuwa mbele gereji, katikati vyumba, nyuma ua, na uani ndipo nilipokuwa nikipika nta. Nta ya nyuki, kazi niliyoachiwa na marehemu baba yangu, Mzee Ngollo. Masega yanatoka porini, nayachemsha kwenye pipa, nayakamua kwa gunia, na nta ikipoa inakuwa mikate ya manjano, naipeleka ushirika. Mimi nilinuka moshi na asali, Mfaume alinuka grisi, na tuliishi hivyo miaka ishirini na miwili bila mtu kumwambia mwenzake kaoge.

Mwaka wa Azimio la Arusha mkanda wa feni ulimkata Mfaume vidole viwili vya mkono wa kulia. Vitatu vilivyobaki vikawa vigumu, havikunji vizuri. Nyundo aliweza kuishika. Spana kubwa aliiweza. Lakini skrubu ndogo, sindano ya kabureta, springi ya kulingana na punje ya mchele, hapo hakuna kitu. Wiki tatu alilala chumbani akiangalia ukuta, mwanamume mzima, anasema kazi imekwisha, bora tuhamie Igalula tukalime karanga. Nikachoka kumsikiliza. Nikaichukua kabureta iliyokuwa mezani, nikaiweka kitandani juu ya kanga, nikamwambia, "Nielekeze." Akanielekeza. Nilipomaliza, ile kabureta ikafanya kazi, akaniangalia mpaka nikaona haya. Akasema, "Batuli, basi wewe ndiye mkono wangu."

Jina likabaki. Tangu siku ile ndani ya nyumba hakuniita Batuli tena, wala Mama Siku kama majirani wanavyoniita kwa binti yetu Sikuzani. Aliniita Mkono. "Mkono, chai iko wapi?" "Mkono, njoo uone kitu."

Lakini hayo ni ya ndani. Nje, mbele za watu, thubutu! Fundi mkuu wa Tabora ashikiwe skrubu na mke wake? Kazi ndogo ndogo zikija aliwaambia wateja, "Hii inataka utulivu, naipeleka uani." Anakuja nayo uani, naitengeneza mimi, anarudi nayo mbele kifua kimemjaa. Basi watu wakaanza kusema Fundi Mfaume ana jini uani. Jini wa zamani, aliyekuja na misafara ya Waarabu akabaki Tabora, anayejua kabureta. Sijui walidhani misafara ile ilibeba kabureta gani. Mimi nilikaa kimya. Miaka minane nilikuwa jini, na moyoni iliniuma, siwafichi, lakini nilimwona Mfaume anatembea tena kama mtu, nikasema acha.

Sasa lile gari. Mzee Jivraj, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na gari jeusi la tangu enzi za Waingereza, refu, lenye taa za kutumbua macho. Mji mzima tuliliita Bibi Harusi, kwa sababu hakuna bibi harusi wa Tabora, awe Mhindi, awe Mwarabu, awe Mnyamwezi, ambaye hakulipanda. Mimi mwenyewe nililipanda siku yangu. Halafu petroli ikawa ya shida, Jivraj akalifungia bandani mwaka mzima na maji yake ndani. Mwaka wa sabini na tano binti yake Pramila akachumbiwa, harusi Ijumaa. Jumatano wanalitoa Bibi Harusi bandani, feni haizunguki. Feni ya gari lile imekaa juu ya fito ya chuma inayopita katikati ya pampu ya maji, na ile fito ilikuwa imeshikana na pampu kwa kutu, vimekuwa kitu kimoja. Na pampu mpya utaipata wapi? Miaka ile hata wembe wa kunyolea ulikuwa wa kutafuta, sembuse pampu ya gari ambalo Waingereza wenyewe walishalisahau.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Jivraj alimletea mume wangu gari, limevutwa kwa kamba. Mfaume akaifungua ile pampu, akaiweka juu ya meza ya kazi mbele ya gereji, akaanza kuhangaika nayo. Mimi niko uani, nakamua masega yangu, sina habari.

Mara nasikia kandambili zinapiga mbio. Koleta huyo. Koleta ni jirani yetu wa ukuta mmoja, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, muuza maandazi mkabala na gereji, na mdomo wake haujui likizo.

"Mama Siku! Mama Siku! Umeachwa!"

"Nimeachwa na nani?"

"Na mume wako! Kwani unao wangapi?"

Nikaweka gunia chini. Koleta akakaa juu ya kinu bila kukaribishwa, akapumua, akanipa habari. Alikuja Sylvester, fundi wa karakana ya reli, mtu hodari lakini ana maneno. Alimkuta Mfaume anatoa jasho, akamwambia mbele ya Jivraj na mbele ya watu wote: mzee, mkono wako umeshakufa, mpe Jivraj pampu yake tuipeleke karakana tukaipige nyundo. Mfaume akasema anaipeleka uani kwenye utulivu. Sylvester akacheka, akasema hapana, leo hatumtaki jini wako, ifanyie hapa hapa tukuone. Watu wote wakacheka.

"Ndipo mume wako akapanda mori," akasema Koleta. "Akaapa kwa Mungu wake. Akasema pampu hii isipokwamuka kabla ya adhana ya alasiri, Batuli ana talaka tatu."

"Tatu?"

"Tatu, nimesikia kwa masikio yangu. Sisi Wakatoliki hata moja hatuna, ninyi mnazitoa tatu kwa mpigo!"

Talaka moja mtu anarejewa, watu wanasuluhishwa, maisha yanaendelea. Tatu hakuna kurudi. Ningekuwa haramu kwake mpaka niolewe kwanza na mtu mwingine, na mimi mtu mwingine sikuwa naye wala sikuwa na hamu naye. Na kwa nini? Nimemkosea nini? Nimeunguza wali? Nimemtukana mama yake? La! Chuma kimeshika kutu, naachwa mimi!

Nikaingia chumbani. Nikalivuta sanduku langu la bati, lile nililokuja nalo siku ya harusi, nikatia kanga zangu, nikatia sufuria yangu nzuri, nikatia picha ya Sikuzani. Komeo la sanduku lilikuwa limeota kutu, nikalikalia kwa hasira zangu zote mpaka likaingia kwa kishindo. Nikakaa juu yake nikalia. Nililia kwa sababu nilimpenda mpumbavu yule, na yeye aliniweka mezani pamoja na pampu ya Jivraj.

Saa sita Mfaume akaja ndani kunywa maji. Akaniona juu ya sanduku, akasimama na kata mkononi.

"Batuli, unafanya nini?"

"Nafunga mizigo. Naenda kwa mwanangu Igalula. Alasiri haiko mbali."

"Nani amekwambia?"

"Mji mzima umeniambia."

Akainamisha kichwa. "Ulimi uliteleza, mke wangu. Hasira."

"Ajabu ya Mungu!" nikasema. "Ulimi wako uteleze, pampu igande!"

"Batuli, sikiliza, nilisema..."

"Usiniambie ulichosema! Nimeshaambiwa ulichosema. Toka, nenda kwa mke mwenzangu, anakungoja mezani."

Akatoka. Kumbe pale alitaka kuniambia jambo, na ningemwachia kinywa dakika moja, mengine yote yasingetokea. Lakini mimi nikikasirika simwachii mtu kinywa, na hilo mniandikie kosa langu.

Nikaenda kuchungulia mlangoni. Jamani, ile gereji ilikuwa imejaa kama siku ya gulio. Kila mtu alikuwa daktari wa pampu. Mmoja alileta mafuta ya taa, yakamwagwa, kimya. Mwingine akaleta mafuta ya breki, kimya. Gangaben, mama yake Jivraj, alituma samli ya nyumbani pamoja na limau moja. Samli ikapakwa, limau hakuna aliyejua la kulifanyia, Sylvester akalila. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akasema tatizo ni kila mtu kufanya peke yake, akapendekeza pampu ishikwe kijamaa, watu wanne upande huu na wanne upande ule. Wakaishika. Wakaivuta. Waliokwamuka ni wao, watatu walianguka mgongo, pampu haikutikisika. Na Maalimu Lukumani, mwalimu wa madrasa na mwadhini wa msikiti wetu, alikuwa amekaa kwa Koleta anakula maandazi. Watu wakamwomba achelewe kidogo kuadhini. Akajibu, "Jua sikuliajiri mimi," akaagiza andazi jingine.

Jivraj alikuwa amekaa ndani ya Bibi Harusi, kwenye kiti cha nyuma, ameshika kichwa. Sylvester akainua nyundo kubwa. "Moja tu, mzee. Niruhusu moja tu." Mfaume akaifunika pampu kwa mwili wake. Alijua, na mimi nilijua: chuma kile ni cha kuyeyushwa na kumiminwa, ukikigonga kinapasuka vipande, na hapo hata malaika hakiungi.

Na mimi dawa nilikuwa naijua. Tangu asubuhi nilikuwa naijua. Baba yangu alikuwa na kufuli la ghala la nta, kila masika linashika kutu, na kila kiangazi analikwamua kwa nta ile ile. Unakipasha chuma moto, unagusisha nta kwenye ufa, nta inayeyuka na kunywewa ndani mahali ambapo mafuta hayafiki. Nilishamwambia Mfaume zaidi ya mara moja. Akanijibu nta ni ya mishumaa. Haya, nikasema moyoni, kaa na mafuta yako ya taa. Nitakaa juu ya sanduku langu mpaka adhana ilie, nibebe, niende zangu. Nilitaka aone. Nilitaka kesho aamke apige kelele "Mkono, chai iko wapi?" na ukuta umjibu.

Nikageuka kurudi ndani. Ndipo nikamsikia. Alikuwa ameinamia pampu, mkono wa kushoto umeshika fito, ule mbovu unateleza tu, na bila kufikiri, kama alivyozoea uani, akasema, "Mkono, shika hapa."

Hapakuwa na mtu pembeni yake. Watu wakaangua kicheko. Sylvester akasema, "Mnaona? Anaubembeleza mkono wake mwenyewe!" Mfaume hakucheka. Alisimama pale, amenyoosha kidole kuonyesha mahali pa kushika, halafu akakikunja taratibu.

Eh! Basi. Hasira zangu zote zikayeyuka, nikabaki najilaumu kwa kuzipoteza. Nikachukua jiko la mkaa, lilikuwa na moto mzuri. Nikachukua mkate wa nta. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapita mlango wa mbele. Miaka minane sikuwahi kupita mlango ule kwa ajili ya kazi.

"Pisheni!" nikasema.

"Shikamoo mama," akasema Sylvester, nyundo bado iko juu.

"Marahaba. Shusha hiyo nyundo kabla sijakushusha wewe."

Mfaume akanijia macho yamemtoka. "Batuli, hapana. Ngoja. Nilisema..."

"Nyamaza! Ulishasema ya kutosha leo."

Nikaizika pampu kwenye mkaa. Wengine nasikia wananong'ona sasa ndiyo anamwita jini. Nilipoona chuma kimeiva, nikaitoa kwa koleo, nikaigusisha nta pale fito inapoingia. Ikatoa moshi, ikayeyuka, ikazama ndani, tsss. Harufu ya nyuki ikajaa gereji nzima. Nikaiacha ipoe kidogo, nikaipasha tena, nikainywesha tena. Mara ya tatu nikaiweka mezani, nikaifunga kitambaa, nikaanza kuisukuma ile fito. Si kwa nguvu. Unaisukuma mbele kidogo unaisikiliza, unairudisha nyuma unaisikiliza. Ukiilazimisha inakuvunjikia.

"Batuli," akasema Mfaume sikioni mwangu. "Mke wangu, nakuomba. Niachie nisukume mimi." Na ule mkono wake wa vidole vitatu ukaja juu ya pampu.

Nikauchapa kofi. "Ondoa mkono wako! Unataka kuivunja?"

Akauondoa. Uso ulimbadilika rangi, nikadhani ni aibu ya kuchapwa mbele za watu.

Fito ikasogea unywele mmoja. Nikairudisha. Ikasogea unywele mwingine. Kutu nyekundu ikaanza kutoka pamoja na nta, kama uji wa ulezi. Nikasukuma, nikarudisha, nikasukuma, na mara, jamani, ikazunguka! Ikazunguka mzunguko mzima, nikaipiga kwa kiganja ikazunguka yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Jivraj alitoka ndani ya gari analia, akamkumbatia mjumbe wa nyumba kumi. Koleta akagawa maandazi bure, jambo ambalo sijaliona tena. Na adhana ilikuwa bado.

Nikamgeukia Mfaume nimeshika kiuno. Nilitegemea ashangilie. Alikuwa amekaa chini kwenye tairi, kichwa mikononi.

Sylvester ndiye aliyesema. Na alisema bila ubaya, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda. "Lakini fundi hakuapa hivyo. Aliapa, nisipoikwamua pampu hii kwa mkono wangu."

Vigelegele vikakatika.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Kwa mkono wangu," wakajibu watu wanne kwa pamoja.

Nikamtazama Koleta. Koleta akatazama maandazi yake. "Mama Siku, nilikuwa nakimbia," akasema. "Kapande kamoja kameniponyoka njiani."

Kapande kamoja! Nikaiona siku nzima upya: Mfaume na kata ya maji, Mfaume ananiambia ngoja, Mfaume anaomba asukume yeye, na mimi ninauchapa kofi mkono uliokuwa unakuja kuniokoa. Nilijiacha mwenyewe, kwa mikono yangu miwili. Mjumbe wa nyumba kumi akashauri pampu igandishwe tena ili fundi aikwamue upya. Jivraj akaikumbatia pampu yake, ingali ya moto, akasema hiyo pampu haigandi tena labda afe yeye.

"Muiteni Maalimu," mtu akasema. Hakukuwa na haja ya kumwita, alishafika, anapangusa sukari midomoni. Watu wakaanza kumweleza wote mara moja, na mimi nikiwa wa kwanza. Akanyoosha fimbo.

"Wewe mama nyamaza. Simwulizi mke, namwuliza mwenye kiapo." Akamgeukia Mfaume. "Maneno ya kiapo yanakwenda na kusudio la aliyeyasema. Mfaume, usinidanganye, maana humdanganyi Lukumani. Uliposema 'mkono wangu', ulikusudia nini?"

Mfaume akainua uso. Mimi nikaelewa palepale. Neno moja tu la kuniokoa lilikuwepo, na mimi nilikatazwa kulisema, na yeye miaka minane alilificha kuliko mtu anavyoficha uchi wake. Nikamwangalia. Akamwangalia Sylvester, akamwangalia Jivraj, akawaangalia wateja wake waliojaa mpaka barabarani. Akaangalia vidole vyake vitatu. Mimi moyoni nilikuwa nasema, hasemi huyu. Ataniacha niende kuliko aseme.

"Mkono wangu ni Batuli," akasema.

"Batuli ni mke," akasema Maalimu. "Nimeuliza mkono."

"Ndiye huyo huyo." Akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, halafu ikakua. "Huu wa kwangu ulikufa mwaka wa Azimio. Sylvester kasema kweli. Tangu siku hiyo sijafunga skrubu ndogo hata moja. Kabureta zote ni Batuli. Lori la ushirika, Batuli. Cherehani yako, Mzee Jivraj, Batuli. Pikipiki yako, Sylvester, ile uliyoniletea kwa siri uliposhindwa nayo karakana, ni Batuli. Jini wa uani ndiye huyu hapa mnayemwona. Nyumbani jina lake ni Mkono. Nikisema mkono wangu simaanishi kitu kingine."

Sylvester aliitoa nyundo begani, akaishusha polepole mpaka ikagusa ardhi.

"Nani shahidi?" akauliza Maalimu.

Jivraj akainua mkono. "Mimi nimesikia leo. Alisema 'Mkono, shika hapa.' Sisi tulicheka."

"Na mimi!" akasema Koleta. "Miaka minane nasikia ukutani, 'Mkono, chai iko wapi? Mkono, umelala?' Nilidhani ule mkanda wa feni ulimgusa na kichwa. Nimemwombea sana."

Maalimu akanigeukia mimi. "Haya, mama, sasa sema. Anakuitaje?"

Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema Batuli. Mngeniambia nini? Siku nzima nimelia juu ya sanduku. Nikawaacha wasubiri kidogo, wacha na wao waone ilivyo. Mfaume alikuwa ananitazama kama mtu aliyefungwa kamba, na machozi yanamtiririka mbele ya wateja wake, wala hayafuti.

"Ananiita Mkono," nikasema.

"Basi pampu imekwamuliwa kwa mkono wake," akasema Maalimu, "na mke ni mke wake. Na wewe Mfaume, nikikusikia tena unaapa kwa talaka, nitakuja na fimbo hii na sitauliza kusudio." Akatazama jua, akajifunga kilemba vizuri, akaenda kuadhini.

Bibi Harusi lilimbeba Pramila Ijumaa, feni inazunguka, harufu ya nta barabara nzima. Jumamosi asubuhi nasikia hodi mlango wa mbele: wateja watano. Mfaume akawakaribisha. Wakampita kwa salamu nzuri, wakaja moja kwa moja uani. "Tumemfuata Mkono," wakasema. Wa mwisho alikuwa Sylvester, ameleta kabureta kwenye kikapu, ameifunika kwa majani ya mgomba.

Lakini nirudi ile Alhamisi, baada ya swala, watu wametawanyika. Tulikuwa wawili chumbani, sanduku katikati yetu.

"Niambie kweli," nikamwambia. "Si ya Maalimu, ya kwangu. Ulipoapa kwa hasira zile, ulinikusudia mimi au ulikusudia hivyo vidole vyako?"

Akafikiri. Mfaume akifikiri kwa kweli anakuna shingo. "Sijui," akasema. "Wallahi sijui. Nilitafuta kitu cha kuwakomesha, nikataja ninachokitegemea, halafu nikataja nisichotaka kupoteza. Baadaye nikaona nimekutaja mara mbili."

Nikalisukuma sanduku kwa mguu mpaka mbele yake.

Akapiga magoti atoe kanga zangu. Komeo la sanduku halikufunguka. Kutu, na mimi nililikalia kwa nguvu. Akavuta. Akasukuma. Akalipiga ngumi ndogo, akajiumiza. Akaniangalia.

"Mkono," akasema, "nisaidie."

Nta ilikuwa palepale uani, na jiko bado lina moto. Nikakaa kitandani, nikakunja miguu.

"Hilo likwamue mwenyewe," nikamwambia.

Lilimchukua mpaka magharibi.